Alikuwa na Ajali Yake

Mpaka nafika darasa la tatu nilikuwa naamini kwamba wanawake wote wa mtaani kwetu wanakufa kwa kugongwa na magari.

Nilikuwa na ushahidi. Kila Bibi aliporudi msibani, watu walimdaka barazani kabla hajavua ndala. "Haya Bi Mkubwa, marehemu alikuwa na nini?" Bibi hajibu. Kwanza ataomba maji ya kunawa. Ataletewa kwa birika, atanawa mpaka kwenye viwiko, taratibu, kama hakuna anayemsubiri, kisha ndiyo aseme: "Alikuwa na ajali yake." Akishasema hivyo anaingia ndani, na muulizaji anabaki na birika mkononi.

Mimi ajali niliyoijua ilikuwa moja tu, ya gari. Na hapo ndipo hesabu iliponishinda, maana Tanga ya mwanzoni mwa miaka ya tisini ilikuwa mji wa baiskeli. Kwenye zile barabara zetu za namba pale Ngamiani tuliweza kucheza rede asubuhi nzima tukapisha magari mawili. Hayo yanayoua watu yanapita saa ngapi? Nikakata shauri kwamba yanapita usiku. Basi nikitumwa dukani baada ya magharibi nilikuwa navuka barabara mbio kama ninayefukuzwa na mbwa, na siku moja nikaanguka na chupa ya mafuta ya taa. Bibi aliponibana nieleze nilichokuwa nakikimbia, nikamweleza. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Halafu akanifundisha. Ajali, kwa watu wa zamani, ni siku ya mtu, ile aliyoandikiwa. Gari, homa, uzazi, uzee, zote ni njia za kuifikia. "Kwa hiyo uongo sisemi, mke mwenzangu," akaniambia. "Na kitu siwaambii."

(Babu alikuwa hai wakati huo, na kwa utani wetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. Mimi na Bibi tuligombea mume mmoja mpaka alipotuacha wote wawili.)

Bibi yangu alikuwa muosha maiti. Kwa asiyelelewa pwani, nieleze kidogo. Kwetu Waislamu maiti haendi kaburini mpaka aoshwe, akafiniwe na asaliwe, na mwanamke huoshwa na wanawake wenzake, au na mumewe. Ni faradhi ya kutosheleza: wakiifanya baadhi, dhima imewaondokea wote. Sheria hiyo ina huruma, ila ina na kimlango cha uvivu, kwa sababu kila mtaa una watu tele wanaojihesabu katika hao "wote" na wachache sana wanaokubali kuwa hao "baadhi." Kwetu sisi, kwa zaidi ya miaka arobaini, baadhi walikuwa Bibi na wenzake wawili watatu. Hakulipwa. Aliyempa khanga aliipokea, asiyempa hakusikia neno.

Kitambulisho chake cha taifa kiliandika kwamba amezaliwa tarehe 1 Julai 1935, siku ambayo kwa mujibu wa makaratasi nusu ya wazee wa Tanzania walizaliwa. Mwenyewe alichojua ni kwamba alizaliwa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, na kwamba wakati wa vita vya Hitla alikuwa ameshaweza kubeba mdogo wake mgongoni. Aliletwa Tanga mjini kwa ndoa. Babu alikuwa mtu wa bandarini, mshahara wake ulikuja na kuondoka kama meli zenyewe, kwa hiyo kilichotulisha hasa ni vitumbua.

Hapo ndipo nilipoijua imani ya Bibi, kwenye vitumbua, kabla ya chuoni na kabla ya kumwona akiosha mtu. Mchele uliolowekwa mchana ulirudi kutoka mashineni jioni, ukachanganywa na tui, sukari, hiliki na hamira, ukaachwa uumuke. Bibi aliamka saa tisa za usiku kuukoroga, na akishaamka alitandika msala papo hapo kando ya jiko. Sala zake za usiku zilipimwa na hamira. Rakaa mbili, anachungulia sufuria. Mbili nyingine, anachungulia tena. Unga ukifika shingoni mwa sufuria anafunga kwa witiri na kuwasha mkaa. Nimelala chumba kile miaka sita na sikumbuki kuamshwa na adhana hata siku moja. Niliamshwa na harufu ya hiliki.

Kati ya sala na moto kulikuwa na dua, na katika dua aliwataja wanawake aliowaosha, mmoja mmoja, jina lake na la baba yake. Sikuwajua wengi wao. Nilipokuwa mdogo orodha ile ilinibembeleza nikarudi usingizini, kama mtu anayesikiliza mvua. Miaka ikaenda na orodha ikarefuka, na kuna usiku aliwataja wengi mno, unga ukafurika ukamwagika hadi sakafuni. Asubuhi wateja walionja uchachu wakaambiana, leo bibi wa watu kapitiwa na usingizi. Naye aliwaachia waamini hivyo.

Vitumbua alivigeuza kwa spoki ya baiskeli, na fedha aliziweka katika makopo mawili ya maziwa ya unga. Kopo la kwanza lilikuwa la mtaji na la chakula. La pili lilikuwa la bafta.

Bafta ni ile nguo nyeupe nyepesi ya sanda. Sanda ya mwanamke ni vipande vitano: shuka, kanzu, ukaya wa kichwani, na nguo mbili za kumviringishia mwili mzima. Mtaa haukosi maskini, na Tanga ya mkonge ilikuwa na maskini wa aina yake, watu walioletwa kutoka mbali kufanya kazi mashambani, wakazeeka hapa, na siku ya kufa kwao hakuna ndugu wa kupiga hata kelele. Watu wa namna hiyo wakifa hakuna mwenye haki ya kuulizwa "sanda iko wapi?" Bibi hakuuliza. Alikwenda nayo kwapani.

Mama yangu anasimulia kwamba baada ya vita na Idi Amin, vilivyokwisha mwaka 1979, nguo iliadimika mpaka khanga ikawa ya foleni na ya kujuana. Wazee walianza kuulizana mambo ambayo hayajawahi kuulizwa: mimi nitazikwa na nini? Ndipo mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanzisha msako wa wahujumu uchumi, na wenye mali zilizofichwa wakawa wanazitupa usiku wa manane. Babu akaingiwa na hofu, kwa sababu ndani ya sanduku la mkewe, chumba cha uani, kulikuwa na sanda tatu, na mgambo hawakuwa watu wa kutofautisha sanda na jora la magendo. Akamsihi azifukie chini ya mnazi.

"Waje," Bibi akasema. "Nitamuuliza huyo mgambo kimo cha mama yake."

Hakuja mtu. Kabla ya mwaka kwisha sanda zote tatu zilikuwa zimeshatoka, na mojawapo ilikuwa ya Bibi mwenyewe, aliyojiwekea kama wazee wengi wa kwetu wanavyojiwekea. Aliinunua nyingine baadaye, akaifukiza udi, akaiweka chini kabisa ya sanduku akatangaza kwamba hii sasa haiguswi. Akaigusa. Mama amehesabu mara nne ambazo Bibi alitoa sanda yake mwenyewe, na kila mara tangazo lilirudiwa kwa sauti ile ile.

Msinielewe vibaya, hakuwa malaika. Sukari aliipima kama dawa. Alisuka nywele kwa mkono wa kulipiza kisasi. Na alikuwa mtu wa kununa, nitafika huko.

Kazi alifundishwa na mavyaa wake, mama yake Babu, ambaye naye alikuwa muosha na kwa maelezo yote alikuwa hodari. Tatizo la bibi yule mkubwa lilikuwa mdomo. Hadithi hii Bibi alinisimulia mara moja tu, nikiwa nimeshakuwa mtu mzima na mwenye nyumba yangu, tena bila kutaja jina, na nadhani alibadili jambo moja au mawili ili hata mimi nisije nikajua ni ya nani.

Alikufa mjane mmoja wa makamo, mtu wa heshima sana, mtu wa uradi. Walipomvua wakamkuta kiunoni ana shanga, mishipi mitatu, na si kuukuu, ni mpya, zinang'aa. Basi. Hakuna zaidi ya hapo. Mwanamke kuvaa shanga si dhambi wala si habari. Lakini mjane wa miaka mingi, shanga mpya, kwa ajili ya nani? Wiki mbili baadaye wanawake wamekutana kwenye upatu, mavyaa akaisimulia hadithi ile, na aliijua kuisimulia, kwa macho na kwa mikono. Watu wakacheka. Bibi, bi harusi wa miaka michache, naye alicheka. "Nilicheka kwa nguvu," aliniambia, "ili mama mkwe anione nimecheka."

Alipoinua uso akamwona binti wa marehemu amesimama mlangoni na sinia la kahawa. Yule binti aliliweka sinia chini, akalisawazisha vizuri visimwagike, akaondoka. Upatu wake hakuja kuuchukua, na ilikuwa zamu yake inafuata.

Bibi hakusema kwamba siku hiyo alibadilika. Alisema tu kwamba mpaka leo anaona vile vikombe vinavyotikisika. Ila najua kwamba alipokuja kuwa muosha mwenyewe, alikuwa akiingia peke yake kwanza, kabla ya wasaidizi. Kama kuna shanga, hirizi, chochote kilichofungwa mwilini, alikikata, akakifunga kwenye kitambaa, na akikitoa alimkabidhi binti mkubwa wa marehemu mkononi, bila neno, kama anayerudisha chenji. Wenzake wakiingia wanakuta maiti ameshasitiriwa, hana kitu cha kusimuliwa.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Watu wengi wanadhani usiri wa muosha ni kuficha aibu. Ndivyo walimu wanavyofundisha, na wana dalili: mwenye kumsitiri Mwislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na akhera. Wanaongeza kwamba akiona la kheri, uso unaong'aa, tabasamu, harufu nzuri, hapana ubaya kulisema, bali ni vizuri, watu wapate kutamani mwisho mwema. Bibi hili la pili hakulifuata. Hakusema baya na hakusema zuri. Ndugu wa marehemu walikuwa wakimbembeleza, watu wenye uchungu, wanataka neno moja tu la kushika: "Mama yetu uso wake ulikuwaje?" Anawa. Alikuwa na ajali yake.

Nilimwona ni mkavu. Nilimwambia hivyo. Akanieleza kwamba sheikh mmoja aliyekuwa akiwafundisha darasa la wanawake naye alimwambia hivyo hivyo, kwa lugha ya kisomi zaidi, na yeye akamuuliza: "Sheikh, nikisema Jumatatu kwamba huyu uso wake ulikuwa kama mwezi, halafu Jumatano nikanyamaza juu ya yule, si nimeshasema?"

Sheikh, anasema, alicheka akaendelea na kitabu.

Nimelifikiri swali hilo miaka mingi na sijapata jibu la kulishinda. Ukimya wa kuchagua nao ni umbea, una adabu tu. Ili asiyekuwa na nuru asijulikane, ilibidi hata mwenye nuru asitajwe, na Bibi alikubali kuwanyima watu faraja aliyokuwa nayo mdomoni ili asije akamvua nguo mtu mmoja asiyeweza kujitetea. Hesabu hiyo sidhani kama ningeiweza. Mimi ningewaambia watoto wa watu kwamba mama yao alitabasamu.

Mtihani mkubwa ulikuja miaka ile ile niliyokuwa nikivuka barabara mbio. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na mwanzoni mwa miaka ya tisini haukuwapo mtaa usioujua, isipokuwa jina lenyewe halikutamkwa. Ulikuwa "ugonjwa ule." Mtu "amekanyaga waya." Wanawake wadogo, umri wa mama yangu, walikuwa wakizikwa na watoto wao hawajaacha ziwa. Na maswali ya barazani yakabadilika, yakawa makali: alikonda sana? Alikuwa na alama za mkanda wa jeshi? Waosha wengine walianza kupata udhuru. Wengine walikwenda, na afadhali wasingekwenda.

Jirani yetu mmoja aliyekuwa muuguzi alimletea Bibi glovu. Akazikataa, maana aliamini maiti anahisi mkono, na mkono wa mpira si mkono. Muuguzi akamwelewesha kwa subira. Bibi akafikiri siku mbili, akasema, "Ummu Atiyya hakuwa nazo, lakini angepewa angezivaa." Akazipokea. Kisha akaanza kuzivaa kwa kila maiti, hata kwa vikongwe wa miaka tisini waliokufa kwa uzee mtupu. Zilipokwisha alinunua kwa fedha za kopo la bafta. Muuguzi akamwambia mbona unazimaliza bure kwa watu wasio na kitu? Nilikuwepo, natwanga hiliki. Bibi akasema, "Ili glovu zisiseme."

Ummu Atiyya ni yule sahaba wa kike aliyemwosha binti wa Mtume, Zainabu, mwaka wa 8 Hijria. Bibi alimtaja kama jirani wa barabara ya pili. Karibu yote tunayofanya katika kumwosha mwanamke yanapitia kwake: muanze kuliani na viungo vya udhu, muoshe kwa witiri, mara tatu au tano au zaidi mkiona haja, kwa maji na kunazi, na maji ya mwisho mtie kafuri, ambayo sisi tunaiita karafuu maiti. Nywele zisukwe mafungu matatu. Na walipomaliza, Mtume aliwapa shuka yake aliyokuwa ameivaa kiunoni, akawaambia wamvike hiyo igusane na mwili. Hapo Bibi alikuwa akisimama kidogo kila mara. Baba mzima, anasema, Mtume wa Mwenyezi Mungu, na alichopata cha kumpa mwanawe ni nguo yake ya mwilini.

Chombo chake cha kazi kilikuwa kata ya kifuu cha nazi, mpini mrefu, imetumika mpaka ikawa nyeusi inang'aa. Babu alipofariki mwaka 2001, Bibi alikaa eda miezi minne na siku kumi, hatoki. Katika muda huo walikufa wanawake watatu wa jirani. Kata ilitoka badala yake, ikaenda, ikarudi, ikaoshwa na kutundikwa.

Nilisema nitafika kwenye kununa. Mdogo wake, yule aliyembeba mgongoni wakati wa vita vya Hitla, walikosana kwa ajili ya minazi kumi na mmoja iliyobaki Bweni. Nani auze nazi, nani ashughulikie ushuru, nani alisema nini mbele ya nani. Miaka mitatu hawakusemeshana, na Bibi, mwanamke aliyewasamehe wateja wa vitumbua madeni ya mwaka mzima, hakutaka hata kusikia jina. Tulimsihi. Mama alilia. Hakusogea. Kisha habari zikaja kwamba mdogo wake amefariki usiku. Bibi akatungua kata ukutani, akavaa baibui, wakaenda yeye na Mama mpaka Pangani, wakavuka kwa pantoni. Mama anasema njia nzima Bibi aliishika ile kata kwa mikono miwili kama mtu anayeshika mtoto.

Alikaa ndani na maiti peke yake muda mrefu kuliko kawaida. Alipotoka, mpwa wake alimletea maji ya kunawa kabla hajaomba, kwa kuwa desturi yake ilijulikana huko pia. Akanawa. Watu wakasubiri neno. Hakusema hata lile la kila siku. Minazi waliachiwa wapwa.

Bibi alifariki mwaka 2016, Alhamisi, saa kumi na mbili kasoro jioni.

Naandika saa kwa makusudi. Kwetu usiku hutangulia mchana, Ijumaa inaingia kwa magharibi ya Alhamisi, na kufa siku hiyo au usiku wake kunahesabiwa dalili njema. Bibi aliikosa Ijumaa kwa kama nusu saa. Simu ya kwanza niliyopigiwa Dar es Salaam ilisema kasoro. Ya pili ikasema "karibu na adhana." Ya tatu, ya mjomba, ikasema "muadhini ndiyo kwanza anamaliza." Kufikia usiku Bibi alikuwa amekufa Ijumaa kabisa, na nadhani katika familia ndivyo itakavyobaki. Wanampenda, wanataka kumpamba. Lakini yeye hakumpamba mtu.

Nilipanda basi la kwanza Ubungo, saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa na kilomita mia tatu na hamsini za kukaa na jambo moja. Mama alikuwa ameniambia usiku: "Kata ameusia uishike wewe." Sikuwahi kuosha mtu. Mimi ni mtu wa hesabu za ofisini. Chalinze nilikuwa nimejifunika uso kwa mtandio, Segera muuza korosho aligonga dirisha nikanunua bila kujua, Muheza machungwa yalikuwa yamepangwa kandokando ya barabara kama siku zote, na abiria wa nyuma yangu akawa anamwambia mwenzake juu ya mtu wao fulani, "ndiyo hivyo, muosha huoshwa." Walikuwa wanazungumzia siasa.

Nilifika saa sita na nusu. Wanaume walikuwa wameshakwenda msikitini kwa Ijumaa. Uani wameshazungushia khanga, kitanda kipo, na chini yake limechimbwa shimo la kupokea maji, lile wazee wanaloliita ufuo. Na ndani kulikuwa na kimya cha ajabu, kwa sababu asubuhi Mama alikuwa amefungua sanduku.

Chini kabisa hapakuwa na sanda.

Ilikuwa imetoka wiki tatu kabla, kwa msichana mmoja wa Mabawa aliyefia uzazini kwa mwenye nyumba. Bibi, asiyeweza hata kusimama wakati huo, aliituma kwa mtoto wa jirani akamkanya asiseme, na mtoto alikuwa mwaminifu mpaka Ijumaa ile alipoona watu wazima wanapekua. Mjomba alikuwa ametumwa mbio dukani. Kopo la bafta lilikuwa na fedha za kutosha na chenji ikabaki. Shangazi aliifukiza udi ile nguo mpya juu ya chetezo, kwa haraka, haikuwahi kushika harufu.

Muosha alikuwa mama mmoja wa Makorora ambaye Bibi alimfundisha kwa miaka mingi. Aliingia peke yake kwanza. Kisha akatuita.

Nitaeleza kazi, Bibi simuelezi. Maiti hufunikwa, na huoshwa chini ya kifuniko. Mikono inajua inakokwenda bila macho. Tumbo hukandwa kwa upole, mara moja, mara mbili. Huvikwa mkono kitambaa kwa kusafisha, kikatupwa, kikachukuliwa kingine. Hutiwa udhu kama mtu anayekwenda kusali. Majani ya mkunazi yaliyotwangwa hutoa povu kidogo kuliko nilivyodhani. Kulia, kushoto. Mimi nateka, namimina, yule mama ananionyesha kwa kidevu: hapa, polepole, hapa. Maji yasimwagwe kwa kishindo. Hakuna aliyesema isipokuwa alipohitaji kitu. Kata niliyoichezea utotoni ilikuwa nzito kuliko ninavyoikumbuka, au ni mkono wangu. Maji ya mwisho yalinukia karafuu maiti. Tulivaa glovu sote wanne, zilikuwa kwenye kabati lake, boksi zima.

Wanaume wana kaburi. Wanabeba jeneza, wanaingia mwanandani, wanamwaga mchanga, na wanarudi wakiwa na kitu cha kusema: tulimlaza vizuri, ardhi ilikuwa laini. Sisi wanawake kwetu hatuendi. Chumba kile chenye khanga ndicho makaburini petu, na tukitoka pale safari imekwisha.

Alipochukuliwa kwenda kusaliwa baada ya alasiri, niliondoa ndoo, nikaisuuza kata. Uani walijaa watu nisiowajua. Mwanamke mmoja wa umri wangu alinishika mikono akasema, "Bibi yako alimwosha mama yangu, mwaka tisini na nne," akataka kuendelea, hakuendelea, akaniachia.

Kisha akaja Shangazi, macho mekundu, nyuma yake wapwa na majirani, na mtoto wa mtu amekaa kiunoni. Wakanizunguka pale mlangoni.

"Wewe ulikuwemo," Shangazi akasema. "Tuambie mwanangu. Uso wake ulikuwaje?"

Nikaomba maji ya kunawa.